Doa la Zambarau

Binti aliyeniletea ule ubao alifika Jumatano mchana, saa ambayo watu wote wa Kibiti hukumbuka kwa pamoja kwamba wana njaa, na mimi saa hiyo sina subira hata na mgeni wa serikali. Alisimama mlangoni pa mgahawa wangu amekumbatia kitu kipana kilichofungwa kwa kanga kuukuu na kamba ya katani. Nikamwambia kama anauza vioo amekosea nyumba, uso wangu naujua na sina hamu nao. Akacheka kidogo, akaamkia. "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Bi. Zuhura uliyekuwa Ndundu, kwenye pantoni?" Upawa ukabaki mkononi. Tangu daraja lijengwe, watu wanapita pale Ndundu kwenye lami wakiwa wamelala, na vijana wengi hawajui kama mto ule uliwahi kuvukwa kwa chombo, kwa foleni ya malori siku mbili, siku tatu. Nikamkalisha, nikampakulia wali na kambale wa nazi, ndipo akajieleza. Anaitwa Rehema. Ni binti wa Fundi Mikidadi. Baba yake amefariki, arobaini wameshamaliza, na kabla ya kufa alimwagiza ubao huu aulete kwa mkono wake mwenyewe, asimpe mtu. "Na alisema usiutazame kwa karibu," akaongeza, kama anayesoma masharti ya dawa. Alipomaliza kula akanawa, akaona haya kidogo, kisha akasema, "Marehemu mama alikuwa akimwuliza, huyu mwanamke wa kanga ya njano ni nani? Baba anasema, abiria tu." Nikamwambia amejibu vizuri. Nikamsindikiza mpaka kituoni, nikarudi kuosha masufuria.

Sasa mniache niseme ya mwaka mmoja tu. Nilizaliwa na nani na nilichezwa ngoma wapi hayawahusu, na waliokuwepo wanajua. Nina swali moja ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne: yule Fundi alijua au hakujua? Hayo tu. Nimeolewa tena baada ya pale, nimefiwa na mume, nimefungua mgahawa, nimenenepa, nimekonda, na swali limekaa palepale. Kuna wakati nilijiambia alijua, nikamchukia kwa kunyamaza. Kuna wakati nilijiambia hakujua, nikajichukia mwenyewe. Na hapana mtu wa kumwuliza, maana siri ile niliifunga mwenyewe kwa mikono yangu hii.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa mama mkwe wangu, Bi. Mwanaidi, aliyekuwa na mgahawa pale kwenye foleni ya pantoni. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, mbele meza nne za wateja, nyuma jiko, na ubavuni mwa jiko chumba changu. Ukuta wa kati ulikuwa wa mabanzi tu, mwanga unapita na maneno yanapita. Nilikuwa nikilala kitandani nasikia madereva wakila upande wa pili, nasikia hata mwiba ukitemwa. Asubuhi chai ya tangawizi na chapati, mchana wali na samaki, jioni ugali kwa waliokata tamaa ya kuvuka siku hiyo. Mume wangu Salehe alikuwa utingo. Alivuka ng'ambo na lori la kwenda kubeba korosho, akasema atarudi msimu ukiisha. Msimu ukaisha. Mama mkwe akasema subiri, barabara mbaya. Mvua zikaja zikaondoka, akasema subiri, gari huenda limeharibika. Kila jioni, kabla jua halijazama, pantoni ya mwisho ilikuwa ikitoka ng'ambo kuja kwetu, nami nilikuwa nateremka mpaka ukingoni kuipokea. Mwanamke mwenye mume kusimama nje wakati wa magharibi ni jambo la kusemwa, lakini mimi nilikuwa na ruhusa. Nilikuwa nangoja mtu wangu. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akiniambia, "Nenda mwanangu, kamwangalie mwenzio." Nikateremka, nikaangalia, nikapanda peke yangu.

Fundi Mikidadi aliletwa na hiyohiyo pantoni. Waliohusika nayo walimwita kutoka Utete aje aandike upya yale maandishi ya onyo na idadi ya magari, kazi ya siku nne. Akamaliza, akatazama ile foleni ya malori yamekaa hayana la kufanya, akaona riziki. Madereva wakaanza kumpa bodi zao. Huyu anataka simba, huyu anataka jina la mtoto wake, huyu anataka maneno ya kumkera dereva wa nyuma. Alikuwa mtu mwembamba, ana miaka thelathini na kitu, kanzu yake ya Ijumaa ndiyo peke yake isiyokuwa na rangi. Alipanga chumba nyumba ya pili na akala kwetu. Siku ya kwanza akanisalimu, "Habari za hapa, shemeji?" Salehe hakumjua wala hakuwahi kumwona, lakini ndiyo heshima: mke wa mtu ni shemeji yako hata kama mumewe ni jina tu. Mwaka mzima aliniita hivyo. Nipe chumvi, shemeji. Asante, shemeji. Neno zuri lile, na ni ukuta kuliko ule wa mabanzi.

Ilikuwa jioni za kwanzakwanza nilipomwona nyuma yetu, juu ya tuta, amesimika kipande cha hadibodi kwenye miti mitatu aliyoifunga pamoja juu kwa kamba. Sisi wa kungoja pantoni tulikuwa chini, karibu na maji, na mto pale unapinda, kwa hiyo jua lilikuwa likizama mbele yetu kabisa, juu ya maji. Yeye alikuwa akituona migongo. Nikadhani anachora pantoni. Nikapanda kutazama, kwa udaku wangu tu, nikakuta hakuna pantoni wala hakuna mto. Kuna madoa. Chungwa hapa, waridi pale, bluu ya maji ya kufulia, manjano ya bizari, mistari mifupimifupi iliyowekwa harakaharaka kama mtu anayepaka siagi na gari linapiga honi. Nikamwuliza, "Fundi, hii bado au imeharibika?" Akacheka bila kugeuka. "Imeisha, shemeji. Jua ndilo linalonimaliza mimi." Alikuwa na dakika kumi tu. Alikuwa akianza pale mwanga unapolegea, na adhana ya magharibi ikilia kwenye msikiti wetu wa mabati, brashi chini. Angekuwa katikati ya mstari angeuacha hivyohivyo, akafunga brashi kwa kitambaa, akaenda kutawadha. Kesho yake, mwanga ukifika palepale ulipokuwa jana, akaendelea alipoachia. Ubao mmoja ulikuwa ukichukua majuma. Siku za mawingu hakugusa kitu, akawa na hasira za mvutaji aliyekosa sigara.

Watu walisema mengi. Nilikuwa nayasikia kupitia mabanzi. Dereva mmoja wa mafuta, sauti kama tingatinga, alisema, "Yule jamaa kwenye bodi yangu kanichorea simba mpaka unaogopa kumpita. Sasa jioni anakaa anajipakia uchafu wake kule juu, ana nini?" Mwenzake akajibu, "Mpweke yule. Mtu mwenye mke hana muda wa kutazama jua." Wakacheka, wakaomba pilipili. Mimi nikabaki nimekaa kitandani na uzi wa mkeka mkononi, nikaona nimetajwa mimi.

Taratibu nikawa nateremka mapema zaidi, ili nipitie juu kwenye tuta kabla ya kushuka kwa wenzangu. Nilisimama mbali, hatua zake saba nane, pale ambapo mtu yeyote anayepita anaona hakuna la kuficha. Tukawa tunazungumza yeye akiwa ametazama ubao na mimi nimetazama mto. Alinionyesha kwamba hana kopo la rangi nyeusi. Analo, lakini la kuandikia malori; huku juu halipandi. Nikamwuliza vivuli anaviwekaje bila nyeusi. Akasema hakuna kivuli cheusi duniani, ni watu wavivu wa kutazama. Kivuli cha mkorosho jioni ni bluu, cha mtumbwi ni kijani kilichoiva, na matope ya ukingoni yana waridi ndani yake. Akasema hachanganyi rangi kwenye kopo mpaka zife. Anaziweka jirani, njano na zambarau, chungwa na bluu, halafu anaacha jicho la mtu lizichanganye kwa mbali. "Karibu utaona kazi yangu," akasema. "Mbali ndiyo utaona mto." Nikamwambia basi na mimi nitawapakulia wateja mchele huku na nazi kule, wakachanganye wenyewe barabarani. Alicheka mpaka mstari ukaenda upande.

Jioni moja nikaona doa la bluu, refu kama kidole, kwenye ubao, pale karibu na maji. Nikauliza ni nini. Akasema ni mkata tiketi. "Mbona umempa kichwa cha bluu?" "Si kichwa, shemeji, ni kofia. Ametupa mgongo, nitaona nini zaidi ya kofia? Angegeuka huku ningemwekea zambarau." "Zambarau ya nini, kwani kapigwa?" "Jua liko nyuma yake. Mtu akikutazama na jua liko nyuma yake, uso wake hauwi mweusi. Unakuwa zambarau. Hebu finya macho umtazame yule mama anayegeuka, utaona." Nikafinya macho. Sikuona kitu. Nikasema naona, asije akanidhani mjinga. Uongo mdogo wa kirafiki tu, na mimi mwenyewe nikausahau kabla sijafika chini.

Halafu karatasi ikaja. Aliileta utingo mmoja mtoto wa watu, hakuweza hata kunitazama, akaniachia mkononi mlangoni pa jiko wakati mama mkwe yuko sokoni Ikwiriri. Salehe aliandika kwa mkono wake, mashahidi wawili wameweka dole: ameniacha talaka moja, eda ikipita nimesahaulika, asante kwa wema wangu kwa mama yake. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama, maharage yakaungua. Nililia, sitasema uongo, nililia na kanga mdomoni. Lakini baada ya kulia nikawaza, na nilichowaza ndicho kilichoharibu maisha yangu. Mwanamke aliyeachwa hana makazi kwa mama wa aliyemwacha. Nikisema tu neno hili, kaka yangu atakuja kutoka Mbuchi, nitafungasha, nitarudi kwenye mpunga na mikoko na kina wifi, na ile jioni, zile dakika kumi, nitakuwa nimezizika. Nikaikunja karatasi ile ndogo kabisa, nikaitia kwenye kopo la iliki, nikaweka iliki juu yake. Mama mkwe aliporudi aliuliza mbona macho mekundu. Nikasema kuni mbichi.

Eda yangu nilikaa mwenyewe, kimoyomoyo, mbele ya sufuria, nikiwahudumia wanaume ugali. Mwenyezi Mungu anisamehe. Mwanamke akiwa kwenye eda anatulia ndani, watu wanajua, wanakuja kumliwaza, wanamletea chochote. Mimi nilikuwa peke yangu nayo. Nilihesabu siku kwa vidole chini ya meza. Na jioni nikateremka kuipokea pantoni kama kawaida, maana ningeacha ghafla wangeuliza. Huo ndio ulikuwa upweke hasa, si ule wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa nangoja mtu asiyekuja, na kila mtu ananihurumia. Wa pili nilisimama palepale, nimetazama maji yaleyale, simngoji mtu tena, na watu wananihurumia kwa jambo ambalo limekwisha. Pantoni ikifunga, magari yakishuka, mkata tiketi alikuwa akiniambia, "Labda kesho, dada." Namjibu, "Inshallah." Na mgongoni kwangu, juu kule, najua yupo. Sikuwa namtazama. Naapa nilikuwa nikijichunga shingo. Mara mojamoja, labda, mtu akipiga kelele nyuma, au jua likiniumiza macho.

Eda ikaisha, na sikusema. Sasa nilikuwa huru kuolewa mbele ya Mungu na watu, isipokuwa Mungu peke yake ndiye aliyejua. Nilijaribu. Siku moja nilimpelekea chai juu ya tuta, nikaanza, "Fundi, mimi…" Akageuka na brashi mdomoni, akasema, "Nambie, shemeji." Lile neno likanifunga kinywa. Nikasema sukari imepanda bei. Akasema kweli, imepanda.

Niliyoweza kusema badala yake ni upumbavu. Mbele ya watu, mchana, kwa mzaha, nikamwambia, "Fundi, umechora mpaka punda wa watu, mie lini?" Madereva wakashangilia. Mama mkwe akasema, "Mchore bwana, tumpelekee Salehe huko aliko, arudi mbio." Mikidadi akaweka kikombe chini. Akasema, "Nitakuchora, shemeji. Ila pale unaposimama." Mimi nilishajiona: nimekaa kitini, kanga yangu ya njano, wanja, mapambo, uso wangu mzima unatazama watu kama picha za studio. Nilikuwa sina picha hata moja ya ujana wangu, na mpaka leo sinayo. Alichukua ubao mpya, mkubwa kuliko yote. Aliufanyia kazi majuma sita, akawa hataki mtu apande kutazama, hata mimi. Nami kila jioni nikavaa ile kanga ya njano, nikasimama chini, moyo unanidunda kwa ajili ya mtu aliye nyuma yangu.

Akauleta asubuhi ya Jumapili, mgahawa umejaa. Akauegemeza mezani, kwenye zile meza zetu zilizobanana, nami nikauinamia, pua karibu iguse rangi. Jamani. Madoa. Chungwa na waridi na kijani cha matope, michirizi, na pale chini vidole kama kumi vya rangi mbalimbali vimesimama. Kimoja cha njano. Na katikati ya ile njano, doa moja la zambarau, kama jamu iliyodondoka. Yule dereva wa mafuta akaja na kikombe chake, akainama, akasema, "Shemeji ni yupi na kuku ni yupi?" Mgahawa ukaangua kicheko. Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta machozi. Niliona haya nikataka kufa. Majuma sita ya kujipamba, na siri yote ile, nimelipwa doa. Nikamwambia, na sauti yangu bado naisikia, "Hili la zambarau usoni ndilo nini, Fundi? Nimepigwa na nani? Hujui kuchora uso, sema hujui. Kachore simba." Yeye hakucheka na hakukasirika. Akanisogelea, akasema chini kabisa, "Zuhura." Ndiyo mara ya kwanza. "Hilo ndilo lenyewe. Nenda mpaka kule lilipo lori la mwisho, ugeuke, utazame kutoka kule. Ukiona, niambie." Nilipaswa kusikia hilo jina. Nilipaswa kusikia kwamba ukuta umeanguka. Lakini nilikuwa na haya na hasira, na watu wananitazama, nikasema, "Nina sufuria motoni," nikaingia jikoni. Nilikaa mle ndani nakatakata vitunguu visivyohitajika. Nilimsikia kupitia mabanzi akiomba gazeti la kufungia.

Kesho yake asubuhi, nilipotoka na chapati za kwanza, mwenye nyumba wa Fundi alikuwa anafagia chumba. Ameondoka na lori la kwanza la kwenda juu, Dar. Nikauliza ameacha neno? Mama yule akasema ameacha kopo la rangi nyeusi, kama ninalihitaji. Wiki mbili baadaye, wiki mbili tu, Salehe akashuka kwenye pantoni ya mchana na mke wake wa Lindi, tumbo miezi sita, akashangaa kunikuta. "Hukupata karatasi?" akaniuliza mbele ya watu wote. Mama mkwe alinitazama vibaya sana, kisha akaacha kunitazama. Kaka akaja kunichukua. Nikapita njia ya mtoni mpaka Mbuchi na furushi langu la nguo na kopo la iliki, na msimu ule wote nikaukaa kwenye dungu juu ya mpunga, nafukuza ndege. Jioni jua linazama nyuma ya mikoko, nafinya macho, natafuta zambarau. Sikuiona. Kila mtu aliyekuwa akitokea Utete nilimwuliza kwa kuzungukazunguka, na hakuna aliyemjua. Baadaye nikaacha kuuliza. Maisha nayo yana kazi zake.

Sasa huo ubao. Jumatano ile nilifunga mgahawa mapema, nikamwambia msichana wangu wa kazi aende nyumbani. Chumba changu hapa Kibiti ni kifupi: kitanda, kabati, jokofu la soda, na nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Nikafungua kamba, nikatoa ile kanga kuukuu, na nilipoikunjua nikaona ni ya njano, imefifia. Kumbe ndiyo ile yangu niliyoianika uani Jumapili ile nikadhani imeibwa. Nikakaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha nikausimamisha ubao juu ya kabati, nikautazama, na ninyi mtacheka: yalikuwa madoa. Yaleyale. Umri wote huu na bado ni jamu iliyodondoka. Nikarudi nyuma mpaka goti likagonga kitanda. Madoa. Nikasema, bibi wewe, uliambiwa nini? Nikaegemeza kitanda ukutani. Nikatoa jokofu nje, na mgongo wangu huu. Nikafungua mlango wa chumba, nikafungua mlango wa jiko uliokabiliana nao, nikatoka kinyumenyume, nikapita jiko, nikapita pipa la maji, nikapita kamba ya nguo, mpaka mgongo wangu ukagusa ua wa makuti wa jirani. Kutoka pale niliuona ubao ndani kule kupitia milango miwili, mdogo kama bahasha, na jua la jioni linaingia dirishani ubavuni mwake.

Na mto ukawepo. Sijui niseme vipi zaidi. Maji yakalala, matope yakang'aa, jua likawa linashuka kweli juu ya ile kona, nikasikia mpaka ule mdundo wa injini ya pantoni. Watu wamesimama ukingoni wanaingoja. Kofia ya bluu, mkata tiketi. Kitenge cha kijani, kanzu, mtu na baiskeli. Wote wametupa migongo, vichwa vyao ni vilemba na kofia tu, wametazama kinachokuja. Isipokuwa mmoja. Yule wa njano ana doa la zambarau katikati ya kanga, na kutoka kule uani doa lile lilikuwa uso. Jua liko nyuma yake. Amegeuka. Pantoni inafunga, watu wote wanasogea, na yeye ameipa mgongo, anatazama juu kwenye tuta, anamtazama anayechora. Hana macho wala mdomo, na ni mimi, hata shingo ni yangu, ile niliyoapa kwamba nimeichunga.

Alijua. Majuma sita aliniona nikigeuka, akanichora nilivyo, akaniletea aniulize kwa njia pekee ambayo mtu mwenye heshima anaweza kumwuliza mke wa mtu. Na mke wa mtu alikuwa karatasi ndani ya kopo la iliki. Ningesema neno moja. Ningetembea hatua mia mpaka lori la mwisho. Nililia pale uani, na safari hii bila kanga mdomoni, nikasema kwa sauti, kwa kuwa aliniambia nikiona nimwambie. "Nimeona, Fundi. Nimeona." Adhana ya magharibi ikaanza.

Mke wa jirani, msichana wa watu aliyeolewa juzijuzi, akachungulia juu ya ua akiwa na beseni lake la nguo. "Bi. Zuhura, kuna nini? Mbona jokofu liko nje?" Nikamwambia si kitu mwanangu, nimeachwa na pantoni. Akanitazama kwa huruma, akidhani uzee umeshafika kichwani. "Pantoni gani tena, bibi, na daraja lipo?" Nikamwambia kweli, nimesahau, nikaingia ndani kutawadha.